Kutulia Nako ni Kazi: Seli T Dhibiti na Pumu ya Mzio



Mhadhara huu ukichukua saa moja, kila aliyeketi humu atakuwa amevuta takriban lita 360 za hewa. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hivi kwa dakika, na kila pumzi huingiza kama nusu lita. Hewa hiyo ina vumbi, chavua, vimbegu vya ukungu, magamba ya ngozi, na kinyesi cha utitiri unaoishi kwenye magodoro na mito yetu. Vyote hivyo ni vitu vigeni kwa mwili, na kinga ya mwili imeumbwa kupambana na vigeni. Pamoja na hayo, wengi wetu tutatoka humu bila hata kupiga chafya.

Kwa miaka mingi tumekuwa tukiuliza kwa nini mapafu ya mwenye pumu hukasirishwa na vumbi. Leo naomba tuanzie mwisho mwingine: kwa nini mapafu ya wengine hayakasiriki? Ninalotaka kuwashawishi ni kwamba utulivu huo hauji wenyewe. Kuna seli zinazoufanyia kazi usiku na mchana, na jina lake ni seli T dhibiti. Katika pumu ya mzio kazi hiyo imelegea, imevurugwa, au haikufundishwa ipasavyo tangu mwanzo. Na kwa kuwa ni kazi inayofundishwa, ina masharti yake: kipimo, umri na mahali. Anayetafuta tiba akiyapuuza masharti hayo anaweza kumuumiza mgonjwa.

Hili si jambo la maabara tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwayo. Vifo vingi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako dawa za kuzuia hazipatikani kwa urahisi.

Usiku mmoja katika njia ya hewa

Tumchukue mtoto wa miaka minane anayelala kwenye godoro la sifongo katika mji wa pwani. Ndani ya godoro mna utitiri, wadudu wenye urefu wa kama theluthi moja ya milimita. Hawanywi maji, hufyonza unyevu ulio hewani, na ndiyo maana hali ya hewa ya pwani inawafaa sana. Chakula chao ni magamba ya ngozi yetu. Kinyesi chao kina protini iitwayo Der p 1, ambayo kazi yake tumboni mwa mdudu ni kumeng'enya chakula. Chembe ya kinyesi ikivutwa na kutua kwenye utando wa njia ya hewa, protini hiyo haiachi tabia yake: inakata viungio vinavyozishikanisha seli za utando.

Utando ulioumizwa hupiga kelele. Hutoa viashiria vya hatari, miongoni mwao TSLP, interlukini-25 na interlukini-33. Seli za dendriti, ambazo zimetandaa chini ya utando kama nyuzi, hukamata vipande vya Der p 1 na kuvipeleka kwenye tezi ya limfu iliyo karibu. Huko huvionyesha kwa seli T ambazo hazijapata kazi maalumu. Hapa ndipo njia panda ilipo. Kwa mtoto wetu, seli nyingi zinageuka kuwa seli T saidizi za aina ya pili, ziitwazo Th2. Interlukini-4 inayotoka kwazo huzielekeza seli B kutengeneza kingamwili ya IgE. Interlukini-5 huita seli nyeupe za damu ziitwazo eosinofili. Interlukini-13 huzidisha makamasi na kuifanya misuli ya njia za hewa iwe myepesi kubana.

Mwanzoni mtoto haumwi chochote. IgE hujibandika juu ya seli za kinga ziitwazo seli masti, na kusubiri. Kisha unafika usiku ambao protini ile ile inaingia kwa wingi. Ndani ya dakika chache seli masti zinamwaga histamini na lukotrieni, misuli inabana, kifua kinaanza kupiga mluzi, mtoto anaketi kitandani akiinua mabega ili apate pumzi. Mama anampulizia salbutamoli kwa pampu. Misuli inalegea, nyumba inarudi kulala. Lakini kisa hakijaisha. Baada ya saa kati ya nne na nane kupita, eosinofili na seli T zilizoitwa zinawasili; kuta za njia za hewa zinavimba, utando unachubuka, makamasi yanaganda. Alfajiri mtoto anabanwa tena, na safari hii pampu haimsaidii haraka kama mwanzo. Uvimbe huu ukijirudia miezi na miaka, kuta zenyewe hunenepa na njia hubaki nyembamba.

Mlango wa pili kuna mtoto wa jirani: godoro la duka lile lile, utitiri ule ule. Naye anavuta Der p 1 kila usiku, na seli zake za dendriti zinaifikisha kwenye tezi. Lakini katika tezi yake baadhi ya seli T zilizoonyeshwa protini hiyo ziligeuka kuwa seli T dhibiti. Zinaijua Der p 1 sawasawa na zile za Th2 zinavyoijua, ila zikikutana nayo hutoa amri ya kutulia.

Seli zilizofukuzwa zikarudi

Wazo la seli za kutuliza si jipya. Mwaka 1970 Richard Gershon na Kazunari Kondo, wakifanya kazi Chuo Kikuu cha Yale, walieleza kwamba seli T zinaweza kuzuia mwitikio wa kinga pamoja na kuuchochea. Maabara nyingi zilifuata mkondo huo, zikazipa jina la seli kandamizi, na zikaamini kwamba zinatambulika kwa jeni fulani ya panya iliyoitwa I-J. Katika miaka ya 1980 eneo la kromosomu lililodhaniwa kuwa na jeni hiyo lilichunguzwa, na jeni haikuwapo. Aibu ilikuwa kubwa. Watafiti wengi wakahama, na kwa muda mrefu kutaja seli kandamizi katika mkutano wa wanakinga kulitosha kukunyima wasikilizaji.

Shimon Sakaguchi wa Japani hakuhama. Alivutwa na jambo moja lililokuwa limeonekana kwa panya wa maabara. Ukimtoa panya tezi ya thaimasi siku ya tatu baada ya kuzaliwa, ungetarajia kinga yake ififie, maana thaimasi ndiyo shule ya seli T. Kinachotokea ni kinyume: panya anakua huku kinga yake ikiishambulia tezi ya shingo, tumbo na ovari. Akidungwa seli T kutoka kwa panya mzima mwenye afya, ugonjwa unazuilika. Kwa hiyo miongoni mwa seli T za kawaida mlikuwa na kundi lenye ulinzi, ambalo hutoka kwenye thaimasi likiwa limechelewa kidogo. Mwaka 1995 Sakaguchi na wenzake walionyesha kuwa kundi hilo hubeba alama ya CD25 kwenye ngozi ya seli. Kwa binadamu ni kama asilimia 5 hadi 10 ya seli T saidizi zilizo kwenye damu.

Kipande cha pili cha ushahidi kilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1949, katika maabara ya Oak Ridge, Tennessee, Marekani, ambako watafiti walikuwa wakichunguza athari za mionzi, walizaliwa panya dume wenye ngozi ya magamba, waliokufa wakiwa na umri wa wiki chache tu. Uzao huo ulihifadhiwa. Nusu karne baadaye Mary Brunkow na Fred Ramsdell, wakiwa katika kampuni ya dawa mjini Bothell, jimbo la Washington, waliitafuta kasoro yao kwenye kromosomu ya X, na mwaka 2001 wakaitangaza jeni iliyoharibika: Foxp3. Mwaka huo huo ikathibitika kuwa kuharibika kwa jeni hiyo kwa binadamu ndiko kunakosababisha ugonjwa adimu wa IPEX unaowapata wavulana. Mwaka 2003 maabara kadhaa, ikiwamo ya Sakaguchi, zilionyesha kuwa Foxp3 ndiyo inayoiongoza seli T kuwa dhibiti. Oktoba 2025 watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Naomba tusimame kidogo kwa mtoto mwenye IPEX, kwa kuwa yeye ndiye anayetuingiza kwenye somo la leo. Kinga yake huishambulia kongosho, na anapata kisukari akiwa bado mchanga. Huushambulia utumbo, na anaharisha bila kukoma. Hayo tungeyatarajia. Lakini pia ana ukurutu mkali wa ngozi, mara nyingi ana mzio wa vyakula, na IgE katika damu yake imepanda mno. Jeni moja ikinyamaza, mwili unajipiga wenyewe na papo hapo unaanza kupigana na vitu visivyo na madhara. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kuuvumilia mwili wako na kuvivumilia vumbi na maziwa ya ng'ombe ni majukumu ya mtumishi mmoja.

Zinatulizaje?

Mfikirie balozi wa nyumba kumi. Hana bunduki wala rungu, lakini ugomvi ukizuka anajua nani wa kunong'onezwa, mpiga ngoma gani anyamazishwe, na wapi pa kufunga mapema. Seli T dhibiti hufanya kazi kwa namna hiyo, kwa njia zisizopungua nne.

Ya kwanza iko kwenye tezi ya limfu. Seli ya dendriti inapoionyesha seli T kipande cha protini, huambatanisha na mkono wa pili wa kuthibitisha, molekuli za CD80 na CD86. Pasipo hizo seli T haichangamki. Seli T dhibiti ina molekuli ya CTLA-4, inayozing'ang'ania CD80 na CD86 na hata kuzing'oa kutoka kwenye ngozi ya seli ya dendriti. Dendriti hubaki na habari bila uchochezi.

Ya pili ni njaa. Seli T zinazotaka kuongezeka zinahitaji interlukini-2. Alama ile ya CD25 aliyoitumia Sakaguchi ni sehemu ya mdomo wa kuinywa interlukini-2, na seli T dhibiti zina midomo hiyo kwa wingi. Zinainywa mapema, nyingine zinaikosa.

Ya tatu ni ujumbe wa kemikali, hasa interlukini-10 na TGF-beta. Ujumbe huo huzipunguza kasi seli za Th2, hupooza seli masti, na pale interlukini-10 inapokuwa nyingi seli B huelekea kutengeneza kingamwili ya IgG4. IgG4 huikamata protini ya mzio kabla haijaifikia IgE iliyo juu ya seli masti, na haiamshi vita.

Ya nne ilifahamika baadaye na bado inanishangaza. Mwaka 2015 watafiti walionyesha, kwa panya walioambukizwa mafua, kuwa seli T dhibiti za mapafuni hutoa amfiregulini, protini inayosaidia utando ulioharibika kujijenga upya. Kwa hiyo seli hizi zinatuliza na zinakarabati.

Tuongeze jambo la mahali. Baadhi ya seli T dhibiti huhitimu kwenye thaimasi. Nyingine huwa seli T za kawaida zinazogeuzwa zikiwa nje, kwenye utumbo na mapafu, mbele ya TGF-beta. Mwaka 2012 maabara ya Alexander Rudensky huko New York iliwatengeneza panya wasioweza kuzalisha kundi hili la pili peke yake. Panya hao hawakupata ule ugonjwa wa kuua wa mwili kujishambulia. Walichopata ni uvimbe wa aina ya Th2 kwenye utumbo na mapafu, bila mtu kuwachokoza. Hivyo ile iliyohitimu thaimasi inalinda zaidi viungo vya mwili wenyewe, na ile iliyofundishwa mapafuni ndiyo inayoshughulika na vumbi.

Ushahidi kwa wagonjwa

Panya ni panya. Kwa watu tunajua nini?

Mwaka 2004 watafiti wa London walichukua seli T dhibiti kutoka kwenye damu na kuzikutanisha na seli T nyingine zilizochokozwa kwa chavua ya nyasi. Seli za watu wasio na mzio zilizuia vizuri. Za watu wenye mzio zilizuia kwa uhafifu, na za wenye mafua ya chavua zilizochukuliwa katikati ya msimu zikazuia kidogo zaidi. Mwaka 2007 timu ya Ujerumani iliwachunguza watoto kwa maji yaliyosafishia mapafu yao. Watoto wenye pumu walikuwa na seli hizi chache kuliko wenzao mapafuni, na zilizokuwepo hazikuweza kutuliza vizuri. Baada ya watoto hao kutumia dawa ya steroidi ya kuvuta, idadi iliongezeka na uwezo ukarudi. Wazazi, naomba mlishike hilo; nitalirudia.

Wanafunzi wangu wataniuliza: basi tukihesabu seli kwenye damu tutajua nani ana pumu? Hapana. Kwa watu wazima matokeo yamepingana: tafiti nyingine zimezikuta ni nyingi zaidi katika mapafu yenye pumu. Si ajabu, kwa sababu mahali penye ugomvi ndipo wasuluhishi wanapokusanyika. Linalohesabika zaidi ni hali yake. Mwaka 2016 maabara ya Talal Chatila mjini Boston ilieleza namna tofauti moja ya kurithi katika kipokezi cha interlukini-4 inavyoiharibu seli T dhibiti: seli inabaki na jina lake, lakini inaanza kutenda kama seli ya uchochezi ya aina ya Th17. Tofauti hiyo huambatana na pumu kali, na nchini Marekani imeenea zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika.

Mazingira nayo huiharibu seli T dhibiti. Mwaka 2010 Kari Nadeau na wenzake waliwalinganisha watoto wa Fresno, mji wa California wenye hewa chafu sana, na watoto wa eneo la Stanford penye hewa safi zaidi. Seli T dhibiti za watoto wa Fresno zilituliza kwa uhafifu, na jeni yao ya FOXP3 ilikuwa imebandikwa alama za kemikali zinazoifanya isisomeke vizuri. Kila anayepanda daladala nyuma ya lori la dizeli, na kila anayepika kwa kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha, ana sababu ya kulifikiria jambo hilo.

Kipimo: somo la wafuga nyuki

Davos, katika milima ya Uswisi, kuna taasisi ya utafiti wa mzio na pumu. Watafiti wake waliwafuatilia wafuga nyuki wenye afya. Katika majira ya kazi mfuga nyuki hudungwa mara nyingi kwa wiki, na sumu ile ile ingeweza kumuua mwenye mzio. Ripoti yao ya mwaka 2008 ilionyesha kuwa mara msimu unapoanza seli T zinazoijua sumu ya nyuki hubadilika na kuanza kutoa interlukini-10. Hali hiyo hudumu kadiri michomo inavyoendelea. Msimu ukiisha, hurejea ilivyokuwa ndani ya miezi miwili au mitatu.

Hapa tunajifunza mawili. Kipimo kikubwa kinachorudiwa kinaweza kufundisha uvumilivu, na uvumilivu huo usipodumishwa hupungua. Leonard Noon aliugusa ukweli huu mwaka 1911, katika Hospitali ya St Mary's, London, alipowadunga wagonjwa wa mafua ya chavua dondoo la chavua ya nyasi kwa kipimo kidogo kilichoongezwa polepole. Hakujua seli T ni nini. Tiba yake bado inatumika karne moja baadaye, kwa sindano au kwa vidonge vya kuweka chini ya ulimi, na leo tunaona kwamba wanaofanikiwa huongezeka seli T dhibiti na IgG4. Lakini haifai kujaribiwa nyumbani. Kipimo kikikosewa, mgonjwa anaweza kupata mshtuko wa mzio na kufa, na mwenye pumu isiyodhibitiwa ndiye aliye hatarini zaidi.

Umri: zizi na mji

Mwaka 1989 David Strachan, akichambua taarifa za zaidi ya watoto 17,000 wa Uingereza waliozaliwa wiki moja ya Machi 1958, aliona kuwa mafua ya chavua yalipungua kwa watoto wenye kaka na dada wengi. Huko ndiko lilikoanzia wazo kwamba usafi wa kupindukia unaikosesha kinga mazoezi. Ushahidi ulionikaa akilini zaidi ni wa jamii mbili za Wakristo wakulima huko Marekani, Waamish wa Indiana na Wahutterite wa South Dakota. Asili yao inakaribiana, wote wana familia kubwa, wote hawafugi wanyama ndani ya nyumba. Waamish wanalima kwa farasi, na zizi liko hatua chache kutoka jikoni. Wahutterite wana mashamba makubwa ya mitambo, na watoto wadogo hawafiki huko. Pumu ni kama asilimia 5 kwa watoto wa Waamish na asilimia 21 kwa Wahutterite. Mwaka 2016 vumbi la nyumba za Waamish lilitiwa puani mwa panya na kuwakinga wasipate uvimbe wa mzio. Vumbi la Wahutterite halikufanya hivyo.

Lakini tusizibebeshe seli T dhibiti sifa zote: katika utafiti huo ulinzi ulipitia kinga ya asili, ile ya mstari wa kwanza. Ushahidi wa seli zetu uko kwingine, katika damu ya kitovu. Kusini mwa Ujerumani, watoto wa akina mama waliofanya kazi mashambani wakiwa wajawazito walizaliwa na seli T dhibiti nyingi zaidi, zenye uwezo mzuri zaidi. Shule inaanza kabla mtoto hajalia kwa mara ya kwanza.

Kwetu Afrika Mashariki, Harriet Mpairwe na wenzake wa Uganda waliwachunguza wanafunzi wa shule katika eneo la mjini la Entebbe. Watoto wote waliishi hapo kwa sasa, lakini waliozaliwa na kukulia mjini walikuwa katika hatari kubwa ya pumu kuliko waliotumia miaka yao ya kwanza kijijini. Miji yetu inakua upesi, na kizazi kinachozaliwa mjini sasa ndicho kitakachojaza kliniki zetu.

Minyoo: jaribu ambalo tusiliingie

Sasa nafika mahali ambapo wasikilizaji hunong'onezana. Minyoo, wakiwamo wa kichocho, huishi mwilini miaka mingi, na ili wasifukuzwe huchochea seli T dhibiti. Mwaka 2000 watafiti waliofanya kazi Lambaréné, Gabon, waliripoti kuwa watoto wenye kichocho ngozi zao ziliitikia kidogo zaidi kipimo cha utitiri wa vumbi, na hilo lilikwenda sambamba na interlukini-10. Mwaka 2005 timu ya Edinburgh ilichukua seli T dhibiti kutoka kwa panya wenye minyoo, ikawapa panya wasio na minyoo, na mapafu yao yakalindwa.

Kwa hiyo tuache kuwapa watoto dawa za minyoo? Uganda imetupa jibu bora kuliko ubishi. Huko Entebbe wajawazito 2,507 waligawiwa kwa nasibu dawa za minyoo albendazoli na prazikwanteli, au dawa isiyo na kitu. Watoto wa akina mama waliotibiwa walipata ukurutu zaidi utotoni. Kumbe nadharia haikuwa hewa. Ndipo watafiti wakaenda Visiwa vya Koome katika Ziwa Viktoria, ambako kichocho cha tumbo kimekithiri. Vijiji 26 vya wavuvi viligawanywa: vingine vikapata dawa za minyoo mara nyingi kwa mwaka, vingine kwa ratiba ya kawaida. Baada ya miaka mitatu, vijiji vilivyotibiwa kwa bidii havikuwa na mluzi wa kifua zaidi ya vingine. Na huko Nottingham, Uingereza, wagonjwa wa pumu waliojitolea kuambukizwa minyoo ya safura hawakupata nafuu ya maana.

Mizani inaelemea upande mmoja. Kichocho huharibu kibofu na ini, safura hunyonya damu. Kumnyima mtoto wa Pemba au wa Koome dawa ya kichocho kwa kumwogopea pumu ni kumwachia ugonjwa wa hakika kwa hofu ya ugonjwa wa kubahatisha. Tunachopaswa kukichukua kutoka kwa mnyoo ni maarifa ya molekuli anazotumia, kisha tumfukuze.

Haraka ina gharama

Mwingine atasema: basi tutengeneze dawa ya kuziongeza seli hizi moja kwa moja. Ilijaribiwa. Kingamwili ya panya inayolingana na ile iliyoitwa TGN1412 iliziongeza seli T dhibiti kwa panya wa maabara na kutuliza magonjwa yao. Machi 2006 vijana sita wenye afya waliojitolea walidungwa TGN1412 yenyewe katika Hospitali ya Northwick Park, London. Kwa binadamu dawa ile iliamsha seli T za kila aina. Ndani ya saa chache wote sita walikuwa mahututi, viungo vyao vikishindwa kufanya kazi. Walinusurika, baadhi wakiwa na majeraha ya kudumu. Tangu hapo majaribio ya kwanza kwa binadamu hufanywa kwa tahadhari kubwa, mtu mmoja kwanza, kipimo kidogo mno.

Hata tukifaulu, utulivu uliozidi una hatari yake. Uvimbe wa saratani hujificha nyuma ya seli T dhibiti, na vijidudu vya kifua kikuu hunufaika kinga inapozubaishwa. Katika nchi zenye kifua kikuu kingi kama zetu, dawa ya kutuliza kinga mwili mzima haiwezi kupokewa kwa shangwe. Ndiyo maana nasisitiza mahali: tunataka utulivu wa mapafuni, kwa protini ya utitiri au ya mende, si usingizi wa kinga yote.

Tunaondoka na nini?

Kwa wazazi: pampu ya salbutamoli hulegeza misuli na haigusi uvimbe. Dawa ya steroidi ya kuvuta, kama budesonide au beklometasoni, hushusha uvimbe, na kama nilivyosema, kwa watoto imeonekana kuzirudishia seli hizi nguvu zake. Haileweshi, haimzoeshi mtoto vibaya, na haifai kuachwa siku anapoonekana mzima, kwa sababu siku hiyo ndiyo inayofanya kazi. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haukubali kijana au mtu mzima mwenye pumu atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Ondoeni moshi chumbani, na mvutaji sigara avutie nje kabisa.

Kwa wanaopanga bajeti za afya: dawa ya kuzuia imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Kituo cha afya kisichokuwa nayo kinaendelea kulipia oksijeni na vitanda vya dharura.

Kwa wanafunzi: karibu kila takwimu niliyoisoma leo kuhusu seli zenyewe imetoka London, Boston, California au Ujerumani. Uganda imeonyesha kuwa majaribio makubwa, yenye nidhamu, yanawezekana kando ya ziwa letu. Kilichobaki ni kuwafuata watoto wetu tangu damu ya kitovu hadi darasa la kwanza, wa kijijini na wa mjini, wenye minyoo na wasio nayo, na kuziangalia seli T dhibiti zao zinavyofundwa na zinavyoharibiwa. Utitiri wetu, moshi wetu na vijidudu vyetu si vya Ulaya, na hakuna atakayetufanyia kazi hiyo kwa niaba yetu.

Sasa nakaribisha maswali, na ningependa waanze wazazi.